Dawa Niliyosema Ni Yangu

Asubuhi ile naikumbuka, mwanangu, ingawa nimeomba sana niisahau. Ulikuwa msimu wa kuchuma kahawa hapa Itaka, na mke wangu alikuwa Tunduma akimuuguza dada yake. Nyumbani tulibaki mimi na binti yetu Sekela, wa kidato cha tatu, aliyekuwa amewekewa vali ya bandia moyoni, ule mlango wa kupitishia damu. Kila siku alikunywa dawa ya kuzuia damu isigande. Kliniki walituonya: asipewe dawa nyingine yoyote kabla ya kuuliza.

Chini ya kikombe changu cha chai nilikuta kikaratasi. "Baba, samahani. Tumbo la mwezi linaniuma sana, na mama hayupo." Kwetu mambo hayo binti humwambia bibi au shangazi. Nilimhurumia, lakini aibu ilizidi.

Kwenye duka la dawa nilikuta wazee wawili ninaosali nao.

"Shikamoo, baba," alisema dada muuzaji. Nikaitikia, nikaomba dawa ya maumivu. "Hiyo dawa ya maumivu ni ya nani?"

"Yangu. Mgongo."

"Kuna dawa nyingine unatumia? Presha, moyo?"

"Situmii."

Mzee mmoja akadakia, "Mpe tu, dada. Mgongo huo umechoka kukwepa jembe!"

Tukacheka wote. Nikapewa diklofenaki.

Kusoma najua, nilimaliza kidato cha nne. Maelezo yalikuwemo ndani ya boksi, sikuyakunjua. Nilijiambia kwamba kidonge cha tumbo la mwezi, kinachouzwa kwa kila mtu, hakiwezi kuwa ndicho walichokataza kliniki.

Sekela alikunywa siku tatu. Siku ya nne alitapika vitu vyeusi kama machicha ya kahawa. Hospitalini, daktari aliligeuza lile boksi mkononi.

"Mzee, hii na dawa yake ya moyo hazitakiwi kukutana. Tumbo linavuja damu, na damu yake haigandi upesi. Dukani hawakuuliza?"

"Waliuliza."

Sekela alikuwa akisikia. Akageuzia uso ukutani. Alifariki kesho yake, mama yake akiwa bado njiani.

Msibani watu walisema ni mapenzi ya Mungu. Sikuwasahihisha. Hilo nalo ni langu.

Basi, mwanangu, ukitumwa dawa, mtaje mgonjwa mwenyewe na kila anachokunywa, hata kama kanisa zima limepanga foleni nyuma yako. Wewe binti, kama una dawa ya kila siku, iwe ya moyo, ya presha au ya kifafa, usinunue ya tumbo la mwezi kabla hujamwonyesha muuzaji au daktari hiyo unayotumia. Na wewe utakayekuwa baba, wazoeze binti zako mapema kukuambia kwa mdomo wao, usisubiri mama yao asafiri.

Mungu akupe ulimi usioona haya kumtetea mgonjwa. Akujalie uzikwe na watoto wako, usiwazike wewe.