Mkono wa Mama Upawa

Jina la Mama Upawa alipewa na askari, na hawakumwonea. Shemeji yangu alikuwa mpishi mkuu wa jiko la kambi ya polisi, na akiwa kazini hakuweza kusema na mtu bila kumwelekezea upawa kifuani, awe kuruti wa jana au mkuu wa kambi mwenyewe. Aliolewa na kaka yangu, akafiwa naye mapema, akabaki nasi. Kwa kuwa mimi ni shemeji, nina ruhusa ya kumsema: ni mbishi, ana kiburi cha sufuria, na chakula chake kikizidi chumvi basi aliyekosea ni chumvi.

Kibanda changu cha kushona viatu kinatazamana na lango la kambi, ng'ambo ya barabara. Wateja wangu wengi ni askari. Buti zao huisha kwenye ncha kabla ya kisigino, na kila fundi viatu anajua maana yake: mwenye buti ama anakimbia sana, ama anapiga mateke sana. Sikuwahi kuwauliza ni lipi kati ya hayo mawili. Mimi nashona, wao wanalipa.

Shemeji alikuwa na upishi wa aina mbili, na aina hizo hazikuwahi kukutana. Kambini maharage yalichemka, yakatiwa chumvi na mafuta, kwisha. "Hawa nawashibisha tu," alikuwa akisema, "kuwafurahisha si kazi yangu." Nyumbani alikaanga kitunguu mpaka kikaribie kuungua, akaponda maharage machache kwa mgongo wa upawa ukingoni mwa sufuria ili mchuzi uwe mzito, na moto ukishazimwa ndipo alipokamua ndimu. Hayo hakumpikia mtu yeyote nje ya nyumba yake. Hata mimi niliyapata kwa kuvizia saa ya chakula na kujifanya nimekuja kusalimia.

Aliyekula maharage hayo tangu ameota meno ni binti yake wa pekee, ambaye ni msusi. Ana saluni ndogo yenye viti viwili na kioo kimoja kilichopasuka, na ana mdomo wa mama yake.

Mambo yalianza na mchukuzi wa sokoni. Askari alimwambia aondoe mkokoteni njiani, yeye akajibu kwamba anamalizia kushusha mzigo, akapigwa risasi. Serikali ikasema alikuwa jambazi. Kwenye mkokoteni wake palikuwa na vitunguu. Tangu hapo, kila Ijumaa watu wa sokoni na mitaa ya jirani walifunga kazi wakaandamana mpaka mbele ya kambi, wakitaka aliyefyatua risasi afikishwe mahakamani. Redioni waliitwa wahuni wasio na kazi, kwa hiyo wakaanza kuja na vifaa vyao: mwashi na mwiko, fundi nguo na futi shingoni, binti yetu na chanuo. Mimi niliwatazama kutoka kibandani. Sikuandamana, nilikuwa na buti za watu.

Nyumbani mama na mwana hawakuelewana.

"Yaani unakuja kupiga kelele mlangoni kwa tajiri wangu?"

"Mama, wewe acha kuwapikia, mimi nitaacha kelele."

"Nikiacha utakula nini? Chanuo?"

Ijumaa moja malori yalitoka kambini matupu yakawazoa wasichana waliokuwa mstari wa mbele. Mabomu ya machozi yalikuwa yamejaza barabara, nami nilikuwa nimejifungia kibandani nikikohoa, kwa hiyo sikuona malori yalikoelekea. Binti yetu hakurudi nyumbani. Rafiki yake, mshonaji mmoja mpole, mtoto wa mama anayeuza mkaa nyuma ya soko, naye hakurudi.

Tulizunguka hospitali, tukazunguka vituo vya polisi, tukaingia hata chumba cha maiti. Hatimaye Mama Upawa akamwendea mkuu wa kambi.

"Afande, nakuuliza kama mzazi. Mwanangu yuko humu?"

"Mama Upawa, nikufiche wewe? Humu hatuna mahabusu hata mmoja."

Alimwamini. Alikuwa amemlisha mtu yule miaka na miaka, akamkorogea uji alipotoka kupasuliwa tumbo, na aliona haiwezekani mtu akutazame usoni, wewe uliyemlisha, halafu akudanganye. Nilimwambia inawezekana sana. Akaniambia nirudi kwenye viatu vyangu.

Kina mama wa wale wasichana walikuwa wameanza kukaa langoni, wa kwanza wao yule mwenye mkaa. Kila asubuhi Mama Upawa alipita katikati yao akienda kazini. "Hawamo, dada," alimwambia mwenye mkaa. "Mimi nashinda humo ndani. Wangekuwamo ningejua." Naye mwenye mkaa aliitikia kwa kichwa, akaendelea kukaa.

Wakati huohuo jiko liliagizwa kuongeza chakula kwa ajili ya makuruti wapya waliowekwa kwenye ghala la nyuma. Askari alikuja akachukua ndoo, akazirudisha zimejaa vilevile. Kesho yake hivyohivyo. Shemeji yangu alikuwa na jambo zito moyoni, usingizi hapati, lakini chakula kurudi kilimchoma kama tusi.

"Makuruti gani hawa wanaosusa?" alinilalamikia. "Wamezaliwa ikulu?"

"Labda walionja," nikasema.

Hakunisemesha mpaka asubuhi. Asubuhi hiyo alibeba vitunguu na ndimu kutoka nyumbani. Aliniambia atawaonyesha watoto hao wa watu chakula ni nini, na jioni akarudi akitabasamu, mara ya kwanza tangu msiba ule utuangukie. Ndoo zilikuwa zimerudi tupu. Zimelambwa, alisema. Nilifurahi kumwona hivyo. Mtu aliyepotelewa na mwanawe umpe hata furaha ya ndoo.

Siku iliyofuata mkuu wa kambi aliingia jikoni mwenyewe, jambo ambalo hakuwa na kawaida nalo.

"Mama Upawa, umetuokoa. Wale wakorofi wa Ijumaa walikuwa wameapa kutokula mpaka tuwapeleke mahakamani. Wamekula wote kwa sababu ya maharage yako! Amebaki mmoja tu, na mmoja hasumbui mtu."

"Wakorofi wa Ijumaa?" akauliza shemeji. "Wapi, Afande?"

Njia ya mwongo ni fupi, na ya yule bwana iliishia pale mbele ya sufuria. Akamwambia aendelee na kazi.

Hakuendelea. Alifungua aproni akaiweka juu ya meza, akaacha moto ukiwaka na maharage jikoni. Harufu ya kuungua ilinifikia ng'ambo ya barabara kabla sijamwona. Alitoka langoni akaenda moja kwa moja kwa mwenye mkaa, akapiga magoti mbele yake.

"Wamo," akasema. "Nilikuwa nakwambia hawamo, kumbe nawapikia mimi mwenyewe."

Kelele walizopiga wanawake wale sijawahi kuzisikia tena. Soko lilifungwa siku hiyohiyo, ingawa haikuwa Ijumaa. Wapishi wengine wakatoka, akatoka na wa kufagia. Wanasheria walikuja, na watu wa magazeti, na barabara ikajaa mpaka mlangoni kwangu. Askari mmoja alinitumia mtu kuulizia buti zake, nikasema sina nafasi. Huo ndio ushujaa wangu wote. Kambi ilivumilia siku chache, kisha wasichana wakapelekwa mahakamani, wakapewa dhamana.

Binti yetu alishuka ngazi za mahakama mwembamba, nywele zimesokotana, akamwangukia mama yake. Shemeji alilia na kucheka kwa pamoja, nami pia, sioni aibu kusema. Halafu tukamwona mwenye mkaa anapita kwenye mstari wa wasichana, anamtazama kila mmoja usoni, mpaka akafika mwisho. Wake hakuwamo. Polisi walisema hawajawahi kumshika.

Nyumbani binti alikataa kulala kabla ya kusema.

"Tuliapa wote, mama. Ndoo ilipofunguliwa nikajua ni mkono wako. Maharage hayo huyapiki popote ila hapa. Nikawaambia wenzangu, mama anajua tuko humu, na anachotuambia ni tule. Wakala kwa sababu yangu."

"Na mwenzako?"

"Aliniambia, 'Mama yako analipwa na hao.' Akageukia ukutani. Tulipokuwa tunasusa sote walituogopa, walikuwa wanatubembeleza. Alipobaki peke yake, asubuhi yake wakaja wakamtoa."

Binti akauliza, "Mama, hukujua?" Mama yake akatikisa kichwa. Nilimhurumia mpaka nikakasirika, na wa kumkasirikia hakuwa pale chumbani.

Kulipopambazuka aliniomba nimsindikize nyuma ya soko. Mwenye mkaa alikuwa amechutama, anapanga mkaa kwenye makopo, mikono myeusi mpaka viwikoni. Shemeji alikataa kigoda.

"Dada, nina neno. Ukitaka kunifukuza nikimaliza, nifukuze."

Akamweleza yote, hakujitetea. Kwamba chakula kilirudi, kwamba aliona haya ya mpishi, kwamba alibeba ndimu kutoka nyumbani kwake. "Ningewapikia vibaya kama siku zote, wangesusa wote, na wako angekuwa kwenye kundi. Wangu amerudi kwa maharage yale. Wako amepotea kwa hayohayo."

Mwenye mkaa aliweka chini kopo alilokuwa nalo.

"Wenzake walipokula, yeye alikula?"

"Hakula."

"Hata kuonja?"

"Hata kuonja. Aligeukia ukutani."

"Huyo ndiye wangu," mwenye mkaa akasema. Alikaa hivyo, anatazama mkaa wake. Kisha akainuka. "Polisi wanasema hajawahi kukanyaga mle. Utamwambia hakimu kwamba alikuwamo, kwamba ulimpikia akakataa?"

"Nitamwambia."

"Na binti yako, atasema?"

"Atasema."

Waliondoka hapohapo kwenda kumchukua binti. Mwenye mkaa hakunawa hata mikono, mimi nikabaki kulinda makopo.