Mapigo Kumi na Nane

Mume wangu alianza kupiga makasia ndani ya nyumba, mchana, mapazia yamefungwa, vita iko nje. Nilimshuku. Mwanamke gani asingeshuku?

Mashine yenyewe ilikuwa ya mzungu mmoja aliyefundisha naye chuoni. Vita ilipoanza wazungu walipakiwa kwenye magari asubuhi moja wakaenda zao, na huyo akamwachia mume wangu funguo za nyumba, kama walivyofanya wengi: shika, nichungie, nitarudi. Achunge nini, maskini? Askari walikuwa wamemtangulia kufika. Walibeba friji, magodoro, mpaka kifuniko cha choo. Waliacha kitu kimoja tu, kwa sababu hakuna aliyejua ni cha nini: ubao mrefu wenye kiti kinachoteleza, gurudumu mbele, na mpini unaovutwa kwa mnyororo. Mume wangu akakileta kwetu Bagira juu ya vichwa vya watu wawili, mtaa mzima umesimama kutazama.

Jirani akaniuliza, "Maman, ile iko mashine ya kusaga?"

Nikamjibu ndiyo. Afadhali ya kusaga kuliko waseme ni phonie, ile redio ya kuongea na watu wa msituni. Watu walikuwa wakichukuliwa kwa maneno madogo kuliko hayo.

Sasa sikiliza kilichoniuma. Mtoto wetu wa pekee, msichana wa miaka saba, alikuwa Idjwi kwa mama yangu, kule kisiwani, katikati ya ziwa, nilikozaliwa. Tulimpeleka likizo kubwa, kwa siku chache, tukimwahidi kumrudia upesi, vita ikamkuta huko. Boti za moteri zikachukuliwa na askari. Ukimuuliza mwenye boti anasema wiki ijayo, na wiki ijayo anasema wiki ijayo. Mimi nilikuwa nalia kila asubuhi nikikunja nguo zake. Mume wangu? Kimya. Hata jina la mtoto hakulitaja. Akitoka chuoni anavua shati, anafunga mapazia, anakaa kwenye kiti chake: vuuu, vuuu. Nilimchukia, nasema kweli.

"Hii tumbo imezidi," aliniambia. "Niko naipunguza."

Tumbo! Wee! Wakati sisi wengine tunakaza pagne kiunoni kila wiki kwa njaa, yeye ndiye wa kupunguza. Nikasema moyoni, huyu ana deuxième bureau, ana nyumba ndogo. Mwanaume wa kwetu akianza kuhangaikia tumbo lake, ujue kuna mwanamke mwingine aliyelicheka kwanza. Huyo mwanamke nikamweka mtaa wa Cimpunda, sijui kwa nini Cimpunda, nikampa na mwanya wa meno. Nilinusa mashati yote. Yalinuka chaki na jasho, basi.

Ile mashine ilikuwa na kioo kidogo kinachoonyesha unavuta mara ngapi kwa dakika. Mimi napita na ufagio, jicho liko kwenye kioo. Siku za kwanza alikimbia: thelathini na mbili, thelathini na nne. Kiti kinaenda kinarudi, kinaenda kinarudi, pumzi inamkatika, halafu namkuta amelala chini kwenye sementi kama samaki. Nilifurahi, Mungu anisamehe. Lakini siku zilivyoenda namba ikashuka. Ishirini na sita. Ishirini na mbili. Mwisho ikasimama kwenye kumi na nane, haitoki hapo. Na yeye sasa haanguki tena. Anavuta mpaka fufu inapoa mezani, macho ukutani, midomo inairudia namba kwa Kifaransa: dix-huit, dix-huit.

Hapo nilishtuka zaidi. Mtu anayetaka kukonda kwa ajili ya mwanamke ana haraka. Huyu haraka yake imeenda wapi?

Siku moja alipokuwa chuoni nikafunga mlango, nikapandisha pagne, nikakaa mwenyewe. Kwanza nikavuta mbio. Namba ikaruka thelathini, nikajiona mwanamke wa nguvu, na kabla sijajisifu vizuri mapaja yakawaka moto. Nikapumzika. Nikajaribu taratibu: kusukuma kwa miguu kwa nguvu zote, mgongo ufuate, mikono ya mwisho, halafu kuacha kiti kirudi polepole kama mtu asiye na shida. Kumbe pumziko liko hapo, kwenye kurudi. Nguvu yote unaiweka kwenye msukumo mmoja, halafu gurudumu linakubebea sehemu yake. Nikavuta, nikavuta, na mwili haukulalamika. Ningeweza kuvuta mpaka jioni. Nikaachia mpini, nikabaki nimekaa pale. Hii haikuwa namba ya kukonda. Ilikuwa namba ya kwenda mbali.

Wanaume walikuwa wanaondoka, mmoja mmoja. Mwenzake wa chuoni alimuaga mkewe kwamba anaenda kununua samaki, na habari zake zilipofika zilitoka Nairobi. Basi nikajua. Na mtoto wangu yuko ng'ambo ya maji, nami ndiye nitakayebaki peke yangu na kiti kinachoteleza.

Sikungoja ale. Aliporudi akakaa, akaanza, nikasimama mbele ya gurudumu.

"Papa, unaenda wapi?"

"Niko hapa, maman. Naenda wapi?"

"Mutu wa tumbo anavuta mbio. Weye uko nasafiri. Sema!"

Akaacha mpini. Mnyororo ukarudi wenyewe, gurudumu likazunguka mpaka likanyamaza.

"Idjwi," akasema. "Kumuchukua mutoto. Muvuvi moja atanipatia pirogue, mutumbwi yake."

Nikakaa chini palepale kwenye sementi.

"Na ulinificha!"

"Ungesema nitakufa."

"Utakufa, ndiyo!" Nilikuwa nalia tayari. Halafu nikautazama ule mpini, nikakitazama kiti, nikamtazama yeye, mwana wa milima ya Walungu ambaye kwenye maji alijua kuoga tu. "Ngoja kwanza. Pirogue utaivuta hivi? Umegeuza mugongo kule unakoenda?"

Akageuka kutazama nyuma yake.

"Papa! Kwetu wanapiga kafi! Unaangalia mbele, unachota maji pembeni! Miguu haisukumi kitu! Nani alikuambia?"

Akautazama ule mpini kama vile mtu amemuuzia mbuzi mgonjwa. Wiki zote zile! Nilicheka huku machozi yanashuka, nikashindwa kuacha, naye mwishowe akacheka, aibu imemjaa shingo. Nikamwambia hatakwenda peke yake, mimi nimezaliwa kwenye yale maji. Alibisha kidogo, kwa heshima ya suruali tu.

Tulitoka alfajiri, katikati ya mitumbwi ya akina mama wa soko, ndizi zimetufunika nusu, na askari wa ufukweni akatuacha tupite. Mimi nyuma, yeye mbele na kafi. Mara tu ufukwe ulipobaki nyuma, woga ukamshika, akaanza kuchapa maji ovyo, mtumbwi unayumba.

"Papa! Dix-huit!"

Bega lake likashuka. Akahesabu, nikamfuata, na kwa mwendo huo tulifika Idjwi mchana, mikono imekufa ganzi.

Mtoto alikuwa ufukweni na bibi yake. Nilidhani atakimbia kunikumbatia. Alisimama mbali, mikono nyuma, anatuchunguza.

"Mumekuja kunichukua, ao kuniona tu?"

"Kukuchukua, mama yangu."

"Leo?"

"Kesho. Papa amechoka, atapumzika kwanza."

Uso wake ukakunjika. Alitupita wote wawili bila kutugusa, akaingia kwenye mtumbwi, akaketi katikati na kushika kingo zake kwa mikono miwili. Bibi yake akamwita aje kula. Hakutoka. Baba yake akamwita, mimi nikambembeleza, nikampelekea sahani ya samaki mpaka pale majini. Aliitazama, hakuipokea, mikono haikuachia mbao.

"Muende mukule," akaniambia. "Mi nawangoja hapa."