Mwizi Wangu wa Shaba

Hii kisa inanionyesha mujinga, mucheke tu. Niko garde, mulinzi ku mine ya shaba, na shefu aliniambia: "Kama haukamate mwizi wa shaba hii wiki, unarudia kufagia kiwanja."

Njo nikavaa kiraia, nikaenda ku baa moja ya mutaa Kikula, nikajifanya niko na shaba ya kuiba. Muntu moja akaniitia chupa ya bière: "Mudogo, leta yote, niko na camion ya kuibeba." Nikamulipia ya pili kusudi asikimbie, halafu nikamukokota mupaka ku buro ya bajandarme, bapolisi, kifua mbele.

Bote bakamupigia salut. Kumbe ni komanda yao, naye alijifanya tajiri wa kuuza shaba juu ya kukamata bezi, akazania mwizi ni miye!

Akacheka mupaka machozi: "Mudogo, siku ingine tuambizane mbele. Lakini hapana ku buro. Ku baa, na weye njo utalipa."