Halwa ya Karatasi ya Maimuna

Aibu yangu naisema mwenyewe kabla hamjaisikia kwa Mwanatumu. Waliokuwepo siku hiyo nyumbani kwangu Kismayo ni hawa: mimi, Mwanatumu, binti wa ami yangu, tumezaliwa kisiwani Koyama nyumba moja na vita tumevikimbia pamoja, mjukuu wake Zainabu, anayesomea udaktari, yuko likizo, mjukuu wangu Maimuna, wa darasa la kumi na mbili, naye udaktari ndio anaoutaka tangu mdogo (ndiye anayeniandikia haya, na anacheka), na Fatma binti Shee, mwaliki wetu, akishapita mlango kwa mlango hakuna mtu asiyejua. Wengine walijaa mpaka uani.

Tangu Zainabu akubaliwe chuo kikuu, roho yangu haikutulia. Kila shughuli Mwanatumu akiingia anapewa mto wa kuegemea, "Mama Daktari, kaa hapa," na mimi niliyemzidi miaka miwili naegemea ukuta. Halafu atoe simu atuoneshe Zainabu kavaa koti jeupe, koti tumeliona mpaka vifungo vyake navijua.

Basi asubuhi moja natandika kitanda cha Maimuna, nikaona karatasi ya shule, ina wino mwekundu, tisini na moja, ule mweusi wa chini yake sikuujali. Kusoma sijui, namba nazijua, nimepima nguru sokoni maisha yangu yote. Nikasema ndio huu, mtihani wa kumaliza shule, ndio wanaoutazama chuo kikuu, na Zainabu yeye alipata themanini na nane (Mwanatumu alitutajia mpaka tukachoka). Ningemngoja Maimuna arudi nimuulize, yangeishia hapo. Sikumngoja. Nikatia karatasi kifuani, nikamtuma Fatma akaalike.

Maimuna nilimwambia ni hitima ya kumwombea marehemu babu yake, nikitaka furaha imkute mbele ya watu. Siku mbili mtoto anakoroga halwa, anakaanga kaimati, kila akishika kitabu namwita, na aliposema ana mtihani nikamjibu kwamba babu yake hakumnyima kitu, naye anamnyima halwa.

Siku yenyewe marashi yakanyunyizwa, mto nikaukalia mimi. Ningenyamaza hapo ningesalimika. Lakini nilitaka Mwanatumu ayasikie kwa mdomo wa damu yake, nikampa Zainabu karatasi asome kwa sauti. Akaipitishia macho, akaniinamia.

"Bibi, niisome yote?"

"Yote, mwanangu, usimeze neno."

Akasoma. Kiarabu, tisini na moja. Fatma akapiga vigelegele, nami nikamtazama Mwanatumu. Fizikia, thelathini na nane. Kemia, arobaini na moja. Halafu maneno ya mwalimu chini kabisa: haya ni majaribio tu, mtihani wenyewe unaanza Jumamosi, na mwanafunzi asipokazana na fizikia na kemia kila siku mpaka hapo, chuo cha udaktari hakitamchukua. Siku ile ilikuwa Jumatano.

Maimuna alikuwa mlangoni na sinia. "Bibi," akasema polepole, "si ni hitima ya babu?"

Wanawake wakaangua kicheko, Fatma akauliza vigelegele alivyokwisha kuvipiga sasa avirudishe vipi, na mimi juu ya ule mto kama nimekalia kaa la moto.

Mwanatumu hakucheka. Angecheka ningepumua. Aliweka kikombe chini akasema, "Zainabu, tundika buibui lako. Utakaa hapa na mwenzako mpaka Ijumaa." Sisi wengine tukaenda kuosha masinia.

Maimuna alifaulu, si kwa kishindo, lakini chuo kimemkubali, udaktari huohuo. Alipoulizwa nani kamsaidia alimtaja Zainabu, hakunitaja mimi wala halwa yangu. (Hapa amecheka tena.) Siku ya kumwombea dua, mto nilimpa Mwanatumu kwa mkono wangu, roho ikiniuma mpaka kwenye vidole. Na karatasi sialikii watu tena mpaka nisomewe mwanzo hadi mwisho, na wino mweusi pia.

Mimi ni mzee, huenda fizikia ilikuwa arobaini, huenda siku ile ilikuwa Alhamisi. Aliyekuwepo anisahihishe. Ila si Mwanatumu, yeye mto ameshapata.