Ndoo ya Chachu ya Marehemu

Mkewe alipofariki, Mzee Tanuri, mwoka mikate wa mtaa wetu, alirithi kazi ambayo hakuwahi kuifanya: kulisha chachu. Yeye alikuwa mtu wa moto na koleo. Chachu, lile rojo la unga na maji lililoumua mikate yao tangu waoane, ilikuwa mali ya mke. Kila asubuhi marehemu alichota kijiko kimoja, akakilisha unga mpya, na kilichobaki baada ya kukandia mikate akakimwaga bila huruma.

Mzee alishindwa kumwaga.

"Baba, punguza," binti yake alimwambia, chachu ilipokwisha kuhama kutoka kopo hadi sufuria, kutoka sufuria hadi ndoo. "Mama alikuwa anamwaga."

"Alikuwa anamwaga yake. Humu mna mikono ya mama yako, mwanangu."

"Humu mna midomo, baba. Umealika kijiji kizima kwa konzi ya unga."

Alisema kweli. Ndani ya chachu wamo viumbe wasioonekana kwa macho. Wakishiba huzaana: mmoja huwa wawili, wawili huwa wanne. Chakula kikipungua hugombania punje, na uchachu wao wenyewe huwaelemea. Ukiwagawia wote kidogo kidogo, hashibi hata mmoja. Wakidhoofu, vijidudu vya kuozesha hupata nafasi.

Mzee aliongeza unga kadiri alivyoweza. Mapovu yakapungua. Mikate ikatoka imenywea.

"Mzee Tanuri, huu mkate au tofali?" mteja alimtania. "Maana mimi najenga!"

Mzee alicheka pamoja na wateja, kisha akaingia ndani, akaketi juu ya gunia la unga.

Asubuhi moja alifunua ndoo akakuta michirizi ya rangi ya waridi na uvundo. Alimwita binti kwa sauti ile aliyozoea kumwitia mkewe.

"Tuchote ya chini. Kijiko kimoja tu. Nitapunguza, mama, nimekubali."

Binti alikoroga, akanusa, akakoroga tena.

"Pole, baba. Imeoza mpaka chini."

Waliibeba ndoo pamoja, huyu huku na huyu huku, wakaimwaga kwenye shimo la taka.

Kesho yake mikate iliumuliwa kwa hamira ya dukani. Ilifura vizuri, laini kama pamba.

"Leo umerudi, mzee!" wateja walimsifu.

Aliwafungia mmoja mmoja, akawashukuru. Jioni, kwa mara ya kwanza tangu aoe, alikula bila mkate.