Kuapisha Mzani

Kaka yangu alikuwa hodari wa kuuliza maswali mazuri. Nalisema hili mwanzoni kwa sababu nikilichelewesha nitaanza kumtetea, na nimemtetea vya kutosha katika maisha yangu.

Nilikuwa na kibanda cha ufundi Tunduma, karibu na mpaka. Nilitengeneza redio, simu, chaja na kila kitu chenye waya. Wazambia walivuka na vitu vyao vilivyokufa, wakaniita "mayo", yaani mama kwa lugha yao, nami nikaitikia ingawa sikuwa bado na mtoto. Kaka yeye alinunua mahindi Mlowo, pale kwenye barabara kuu. Wote wawili tulizaliwa Hasamba, na mama yetu alikuwa bado anaishi na kulima huko huko.

Siku moja kaka akaja kibandani na mzani wa umeme, ule wa kuweka chini na kupandisha gunia juu yake. Radi ilikuwa imepiga nguzo jirani na ghala lake, saketi ya mzani ikaungua yote. Chuma cha chini kinachohisi uzito kilipona. Kioo cha namba nacho kilipona.

"Mdogo wangu," aliniambia, "mafundi wa Mbeya wamesema nitupe. Nikasema kwanza nimuulize mwenye akili wa kwetu."

Hapo ndipo aliponipatia. Ukitaka kunifanyisha kazi bila kulala, niambie kwamba fundi mwingine ameshindwa.

Chuoni nilikuwa nimejifunza kuandikia chipu programu, yaani zile kompyuta ndogo zinazokaa ndani ya kitu kidogo kuliko kidole gumba. Nilikuwa na kompyuta ya mtumba na waya wa kuhamishia programu. Chipu ya kupokea uzito haikunitisha. Kilichonitoa jasho ni kile kioo. Kila tarakimu ilikuwa na vijiti saba. Kijiti kikipata umeme kinakuwa cheusi, kikiukosa kinapotea. Ukiviwasha vyote saba unapata nane, na ukizima cha katikati unapata sifuri. Maelezo hayo hata mtoto wa shule angeyaelewa, lakini kioo chenyewe kilikuwa na miguu mingi kama jongoo, na hapakuwa na karatasi ya kueleza mguu upi ni wa kijiti kipi. Nilikaa nayo mmoja mmoja, nagusa kwa waya, naangalia kijiti gani kinaamka, naandika.

Tena kioo cha namna hiyo kina tabia yake. Si kama taa nyekundu za saa za ukutani, ambazo ukizipa umeme zinawaka na mambo yameisha. Kioo hakitaki umeme uende upande mmoja tu. Lazima programu iugeuze, kwenda na kurudi, haraka kuliko jicho linavyoweza kuona. Ukiuacha upande mmoja, kinaonyesha namba vizuri kabisa, huku kinaharibika ndani kwa ndani. Mwalimu wetu alitukazania jambo hilo hadi tukalichoka.

Namba zangu za kwanza zilikuwa vituko. Saba ilikuwa na mkia na nne ilisimama kichwa chini. Jirani yangu muuza vitenge alikuja kuchungulia akasema labda mzani umepandwa na mapepo. Lakini asubuhi moja nilichomeka waya, kioo kikaandika sifuri, nukta, sifuri, safi kama maandishi ya kitabuni. Nikakaa kwenye stuli nikacheka peke yangu. Nilikuwa na furaha ambayo sijaipata tena kazini.

Sasa nieleze desturi ya kwetu, maana bila hiyo hamtaelewa nilivyofanywa. Mkulima wa Hasamba haamini jiwe la mzani la mfanyabiashara, wala haamini macho ya mpimaji. Anachoamini ni mfuko wa mbolea wa kilo hamsini ambao mshono wa kiwandani haujafumuliwa. Kabla ya kupima, wauzaji huazima mfuko kwenye duka la pembejeo, wanaupandisha kwenye mzani mbele ya watu wote. Ukisoma hamsini, mtu mmoja husema kwa sauti, "Umeapa." Ndipo magunia yanaanza kushuka. Tunaita kuapisha mzani. Mzani usioapa unaachwa na mahindi yanahamia kwa jirani.

Mzani wetu uliapa siku ya kwanza. Mimi sikuwapo. Kaka alinipigia simu nikasikia kelele za akina mama wakishangilia. Walikuwa wamechoshwa na lumbesa, lile gunia la kushindilia na kushonewa kilemba juu, likahesabiwa gunia moja. Sasa walikuwa na namba, na namba ilitengenezwa na binti yao. Mama alisimama kanisani baada ya ibada akawatangazia wenzake kwamba kwenye mzani wa wanawe hakuna ujanja. Nilipoambiwa nililia kidogo, nikajifanya ni moshi wa kuchomelea.

Muda si mrefu kaka akaurudisha mzani Tunduma. Alikuwa na swali zuri.

"Mdogo wangu, magunia makubwa yanayumba pale juu. Nimetengeneza kichanja cha mbao, tunakiweka kwanza, gunia linakaa imara. Lakini kichanja kina kilo nne, na hatutaki kumwongezea mtu uzito ambao si wake wala kujidhulumu sisi. Hiyo kompyuta yako inaweza kuzitoa yenyewe?"

"Inaweza."

"Ila mizigo midogo hatuiwekei kichanja. Kwa hiyo ikate kwenye mikubwa tu. Weka kuanzia hamsini na nusu. Si hamsini yenyewe, isije ikachanganyikiwa."

Nikamsifu! Nilimwambia angesoma angekuwa mhandisi. Niliandika mstari mmoja: uzito ukifika hamsini na nusu, toa nne. Kwa mkono wangu huu. Akanywa chai yangu, akala chapati yangu, akaondoka na mzani wake.

Kuanzia hapo kila ulipohitaji kufutwa vumbi aliuleta mwenyewe Tunduma. "Usijisumbue kuja, vumbi la Mlowo litakuua," alikuwa akisema. Nikaona ananijali.

Mama naye msimu ule akaanza kuniagiza viroba, vile vifuko vidogo visivyofika nusu gunia. Alisema magunia makubwa yanamvunja mgongo. Nilimtafutia viroba Tunduma, nikamtumia na dawa ya kuchua. Kila alipoagiza viroba, na dawa ya kuchua ilikwenda.

Msimu uliofuata mpimaji wa kaka, mtu mzima mwenye familia yake, alinipigia. Kaka alikuwa amepanda Ibaba kutafuta mahindi ya huko milimani na simu yake haikupatikana. Kijiti cha katikati kwenye tarakimu ya mwisho kilikuwa kimepotea, nane inasomeka sifuri, wauzaji wanapiga kelele. Kwa vile nilikuwa na viroba vya mama vya kupeleka Hasamba, nikavifunga kamba, nikapitia Mlowo.

Nilifurahi kufika. Akina mama walikuwa wamekaa juu ya magunia yao, baadhi nawajua tangu utoto. "Fundi wetu huyo," walisema, na mmoja akanipisha njia kwa madaha kama mimi ni mkuu wa wilaya. Nikafungua mzani. Ilikuwa ni uchafu tu, mguu mmoja wa kioo haukugusa vizuri. Nikausafisha, nikafunga. Wakaleta mfuko wa mbolea. Hamsini, nukta, sifuri.

"Umeapa," mama mmoja akasema.

Lakini mimi nilitaka kuona ile tarakimu ya mwisho inatembea. Nikamwomba mama aliyekuwa mbele kilo yake ya sukari, pakiti ambayo haijafunguliwa, nikaiweka juu ya mfuko wa mbolea.

Kioo kikaandika arobaini na saba.

Nikaitoa sukari. Hamsini. Nikairudisha. Arobaini na saba. Nikadhani nimeharibu kitu nilipokuwa nasafisha, nikaona aibu, nikainama kufungua tena. Kisha nikakumbuka kichanja, nikapumua. Kumbe mzani unakata kilo nne za kichanja, na kichanja hatujaweka. Nikacheka.

"Leteni kichanja basi," nilimwambia mpimaji.

"Kichanja gani, fundi?"

"Cha mbao. Cha kukalishia magunia makubwa."

Alinitazama, akatazama ghala, akanitazama tena. "Hapa hatujawahi kuwa na kichanja."

Nikakaa pale pale juu ya mzani, na mzani ukanipima. Maneno ya kaka yalinirudia yote, polepole. Kuanzia hamsini na nusu. Si hamsini yenyewe. Ni mtu wa nje gani angejua kuipa mbolea hamsini yake kamili na kulila gunia linalofuata? Mgeni angekata kila uzito na angekamatwa siku ile ile. Hii ilihitaji mtu aliyekulia kwetu, aliyebebwa mgongoni na mama akiangalia mizani ikiapishwa.

Akina mama walikuwa wameshaona. Mwenye sukari hakusoma sana, lakini alijua kwamba ukiongeza, namba haipungui.

"Mwanangu," aliniuliza taratibu, "si wewe uliyeutengeneza?"

"Ni mimi, mama."

"Basi tuambie."

Nikawaambia. Kwamba kila gunia lao limekatwa kilo nne tangu msimu uliopita, kwamba mstari niliuandika mimi, kwamba nilidanganywa. Ile sehemu ya mwisho sidhani kama waliisikia. Mmoja alishuka kwenye gunia lake, akalipiga kofi, akaondoka bila kulichukua. Nilifungua mzani mbele yao nikang'oa chipu, nikaitia kwenye pochi. Hakuna aliyenishukuru, na sikutegemea.

Simu ya kaka ilipatikana nikiwa njiani kwenda Hasamba. Sikumsalimu.

"Hakuna kichanja," nilisema.

"Mdogo wangu, kila mzani Mlowo unakula. Wangu unakula kidogo. Umesahau lumbesa?"

"Kwa nini mimi? Kwa nini hukumpa fundi mwingine?"

"Fundi mwingine wasingemwamini," alisema, kama mtu anayeeleza jambo lililo wazi.

Wanasema kikulacho ki nguoni mwako. Nilikuwa nimelisikia neno hilo mara nyingi, na siku zote nilidhani linawahusu watu wengine. Niliikata simu. Nilikuwa na hasira, na nilijipoza kwa jambo moja tu: nitafika kwa mama. Mama atamlaani, au atalia, na tutalia wawili.

Nilimkuta amekaa uani anapukuchua mahindi. Nikamwamkia, nikakaa kwenye kigoda na furushi la viroba mapajani, nikamweleza yote, sukari, kichanja, maneno ya simu. Vidole vyake havikusimama. Punje ziliendelea kudondoka kwenye ungo.

"Mama, umenisikia?"

"Nimekusikia."

"Alikuwa anawaibia wenzako wa kanisani. Alikuwa anakuibia na wewe."

"Mimi hapana," alisema.

Alisema bila kuniangalia. Nikatazama furushi lililokuwa mapajani mwangu. Kiroba kimoja cha mahindi hakifiki kilo hamsini hata ukishindilia.

"Si mgongo," nilisema.

"Mgongo nao unauma. Lakini aliniambia, mama, yako yalete kwenye viroba."

"Hukumuuliza kwa nini?"

"Nilimuuliza."

"Akakwambia?"

"Akaniambia."

Alichukua gunzi lingine. Nilimwuliza ilikuwaje, akijua hayo, akaendelea kuwatuma wenzake wa kanisani na magunia yao kwenye mzani ule. Hapo ndipo alipoinua uso, na haukuwa uso wa mtu mwenye aibu. Ulikuwa umechoka tu.

"Wewe ndiye uliyesema mzani wako haudanganyi. Mimi nilirudia maneno yako."

Nyumba nzima ilijua. Wifi yangu alijua, nilikuja kuambiwa baadaye. Aliyekuwa hajui ni yule aliyeandika.

Kuku mmoja alikuja kudonoa punje zilizoruka nje ya ungo, mama akamfukuza kwa mguu. Kisha akaipangusa mikono yake kwenye khanga, akanyoosha mmoja kuelekea kwangu.

"Hivyo ndivyo viroba vya mwaka huu?" aliuliza.