Muhula Niliorudi Mikono Mitupu

Siku ya kufungua muhula wa pili nilirudi shuleni, ingawa hakuna aliyenitarajia. Likizo yangu ya uzazi ilikuwa haijaisha, na nilipompigia simu mwalimu mkuu kumwambia ninakuja, alijaribu kunizuia.

"Pumzika, Madam," alisema. "Mwenzako wa Gredi ya Tatu atawachanganya na wake kwa muda. Watoto wako hawatakosa mtu."

"Nataka kurudi, Mwalimu."

Ni mtu wa maneno machache, na kwenye simu huwa machache zaidi. "Basi njoo," akasema mwishowe. "Nitaambia mtu akufagilie nyumba."

Shule yetu iko Kishushe, chini ya milima, kwenye ardhi ya ranchi na miiba ambako gari likipita watu hutoka nje kuliangalia. Ndiyo shule ya kwanza kunipokea nilipoajiriwa. Naishi kwenye nyumba ya walimu nyuma ya madarasa, na mume wangu, ambaye ni fundi wa umeme Voi, hupanda pikipiki kuja Ijumaa na kurudi kazini Jumatatu alfajiri.

Muhula wa kwanza ulipokuwa unakwisha niliondoka hapo nikiwa na tumbo kubwa. Watoto wangu wa Gredi ya Pili walinisindikiza hadi langoni. Walikuwa wanagombania kunibebea mkoba, na mmoja aliweka sikio tumboni kwangu akatangaza kwamba mtoto anakula. Niliwaahidi kwamba wakifungua nitamleta wamwone.

Mtoto alizaliwa hana pumzi. Alikuwa msichana. Tulimzika kwa wazazi wa mume wangu, juu kule upande wa Wundanyi, chini ya migomba, na nikabaki kwenye nyumba hiyo nikitunzwa. Walinitunza vizuri, siwezi kusema vingine. Nilipewa uji, nilikandwa kwa maji moto. Lakini wageni waliokuja walizungumza nami kuhusu mvua na kabichi, na waliothubutu kugusia walisema, "Mtapata mwingine." Tulikuwa tumempa jina la mama mkwe wangu, kama ilivyo desturi kwetu, mjukuu kumrithi bibi. Hakuna aliyelitamka. Mama mkwe mwenyewe alikuwa akinipita jikoni akiwa ameinamisha uso. Nadhani hakujua kama anaruhusiwa kumlilia mtoto aliyeitwa kama yeye, ambaye hakuna aliyemsikia akilia.

Ndiyo maana nikataka shule. Nilitaka kelele.

Asubuhi hiyo ya kufungua, kelele zilikuwepo za kutosha, hadi nilipotokea. Watoto walikuwa wamejaa uwanjani wakiwa na sare zilizofuliwa, wengine zimewabana kwa sababu wamerefuka likizoni. Waliponiona, wale wa darasa langu, ambao siku zote hunikimbilia na kunishika sketi, walisimama palepale. Mmoja alinipungia mkono akaushusha haraka. Mwenzangu wa Gredi ya Tatu alikuja akanikumbatia, akaninong'oneza, "Usijali, nimeshaongea nao. Hakuna atakayekuuliza kitu."

Nilimshukuru. Alifanya hivyo kwa upendo.

Kwenye gwaride mwalimu mkuu alisoma habari za muhula kama kawaida yake, mikono nyuma. Ndovu waliingia likizoni wakang'oa bomba la tangi, kwa hivyo kila mtoto aje na maji yake hadi fundi afike. Ng'ombe wa shule amezaa. Kwaya itaanza mazoezi wiki hiyo kwa ajili ya tamasha, na wasichana wa sauti ya kwanza waache kupiga mayowe. Mkutano wa wazazi utakuwa Ijumaa. Kisha akaniangalia, akakohoa.

"Na mwalimu wenu wa Gredi ya Pili amerudi. Mumpokee vizuri."

Hakuna aliyepiga makofi. Shule nzima ikaangalia viatu vyake.

Baada ya gwaride mwalimu mkuu aliniomba nimsaidie kupokea watoto wapya, kwa kuwa mmoja wao alikuwa wa darasa langu. Nje ya ofisi nilimkuta mama kijana amesimama na msichana wa kama miaka saba, na mtoto mchanga mgongoni. Walikuwa wametoka Chala, kule mpakani, ambako walikuwa wakilima. Baba yao alikuwa amepata kazi ya kuchunga ng'ombe wa ranchi, ndipo wakahamia kwetu. Mama aliongea Kiswahili cha upande wa Taveta, taratibu, na msichana alikuwa akiniangalia bila aibu yoyote.

Yule mchanga akaanza kulia.

Daktari alikuwa amenipa dawa ya kukausha maziwa, na nilidhani imefanya kazi. Lakini kilio kile kilipotoka mgongoni kwa mama yake, nilihisi matiti yakichoma, na kabla sijageuka blauzi yangu ilikuwa imelowa mbele. Ilikuwa blauzi ya samawati isiyoficha kitu. Nilikunja mikono kifuani.

Mama yule aliona. Alitabasamu, kama wanawake wanavyotabasamiana kwa jambo wanalolijua wote.

"Na wako umemwacha na nani?" akauliza.

"Hayupo," nikasema.

Alidhani sijamsikia vizuri. Kisha akaelewa. Alimtoa mtoto mgongoni akampakata mkono mmoja, akachukua leso aliyokuwa amembebea, akaizungusha kifuani kwangu akaifunga kwa nyuma kwa fundo la nguvu, kama anayemfunga mtoto wake. Leso ilikuwa na joto la yule mchanga.

"Utanirudishia siku yoyote," akasema. "Mimi nitambeba hivi hivi tu."

Akaondoka na mtoto mikononi, na mimi nikamshika msichana wake mkono, tukaenda darasani nikiwa nimejifunga leso juu ya nguo za kazi. Mwalimu mkuu alinipita njiani. Aliiona leso, akasema habari ya asubuhi, akaendelea na safari yake.

Darasa lilikuwa limetulia kiasi cha kutisha. Gredi ya Pili haijawahi kukaa hivyo, hata mkaguzi akija. Nilimwonyesha mgeni dawati la mbele karibu na msichana mmoja mcheshi, nikaandika siku ubaoni, nikawaambia tusome pamoja. Walisoma kwa sauti moja iliyonyooka. Nyuma yangu nikasikia mnong'ono kwenye dawati la mbele, kisha mgeni akainua mkono.

"Mwalimu, huyu anasema ulienda kuzaa mtoto. Anaitwa nani?"

Jirani yake alimpiga kiwiko. "Tuliambiwa tusiulize!"

"Mimi sikuambiwa," mgeni akajibu, na ilikuwa kweli.

Niliweka chaki chini. Watoto wote walikuwa wananitazama, na mmoja nyuma tayari alikuwa na machozi. Ningeweza kusema tuendelee na kusoma. Lakini tangu tumzike mtoto wangu, huyu ndiye aliyekuwa mtu wa kwanza kuniuliza jina lake, na nilihisi likinipanda kooni lenyewe.

Nikalitaja. Hapa sitaliandika, ni letu. Lakini siku hiyo nililisema kwa sauti ya darasani, ile ya kufika hadi madawati ya nyuma.

"Ni zuri," mgeni akasema.

"Ni la bibi yake," nikasema. Nikaketi kwenye ukingo wa dawati la mbele, nikawaambia yote. Kwamba alikuwa msichana. Kwamba alikufa kabla hajatoka tumboni na madaktari hawakujua kwa nini. Kwamba tumemzika mlimani, mahali penye migomba na baridi.

Mikono ikaanza kuinuka, mmoja mmoja, kisha yote.

"Alikuwa na nywele?"

"Nyingi. Nyeusi sana."

"Alikuwa na kucha?"

"Alikuwa nazo. Ndogo kama punje za mtama."

"Alifanana na wewe?"

"Mdomo ulikuwa wa baba yake. Miguu ilikuwa yangu."

"Mlimfunika na nini huko? Kwa sababu umesema kuna baridi."

"Na sweta ya manjano," nikasema. "Bibi yake alikuwa ameifuma." Na nilipokuwa nasema hivyo ndipo nilipokumbuka kwamba mama mkwe wangu ndiye aliyemvalisha, peke yake, akavifunga vifungo vyote.

Yule aliyekuwa analia nyuma akasema, "Mwalimu, sisi tulikuwa na wimbo. Tuliutunga wa kumkaribisha. Tukauacha."

"Uko vipi huo wimbo?"

Waliangaliana. Mmoja akaanza, wengine wakadandia. Ulikuwa wimbo wa maneno machache, karibu mtoto, karibu kwetu, maji tutachota, uji tutapika, na mahali pa jina walikuwa wameacha nafasi kwa sababu walipoutunga hawakulijua. Sasa wakalitia. Halikutoshea. Lilikuwa refu kuliko nafasi yenyewe, wakawa wanalikimbiza ili wafike pamoja mwishoni, na kila walipokosea wakacheka na kurudia.

Mwenzangu wa Gredi ya Tatu alikuja mbio kutoka darasa lake la jirani, akafika mlangoni na mkono umeinuka wa kuwanyamazisha. Nikamtikisia kichwa. Akausimamisha mkono ule hewani, kisha akaushusha, akaegemea mlango na kufuta macho kwa mkono wenye chaki. Nami nililia, mbele ya watoto wote, nikiwa nimejifunga leso ya mtu. Walipomaliza, msichana mcheshi wa dawati la mbele akaniuliza kama sasa wanaweza kuongea kama kawaida. Nikasema ndiyo. Kelele zilizofuata zilisikika hadi ofisini.

Watoto hawakai na habari. Kufikia jioni kila nyumba iliyokuwa na mwanafunzi wa Gredi ya Pili ilijua jina la mtoto wangu. Nilimpigia mama mkwe simu, nikamweleza kuhusu wimbo, na jinsi jina lake lilivyowasumbua watoto kuliimba. Alicheka, akalia, akaniuliza kama nimekula. Tangu siku hiyo tukawa tunaongea.

Ijumaa wazazi walikuja kwa mkutano. Walizungumza kuhusu bomba, wakakubaliana nani atakuja na jembe na nani atachimba mtaro, wakalalamika kuhusu ndovu. Mkutano ulipofungwa, wanaume wakabaki kuangalia tangi, na nikaona akina mama hawashiki njia ya kwenda kwao. Walikuwa wanazunguka madarasa kuja kwangu. Mmoja alibeba mtungi wa maji kichwani, mwingine kuni, mwingine unga, na mama wa Chala alikuwa amembeba mchanga wake kwa leso nyingine.

"Tumekuja kukupa pole," akasema aliyekuwa mkubwa wao, mama mnene wa kwaya ya kanisa. "Tulikuwa tunaogopa kukuumiza. Watoto wametuambia unapenda kuongea juu yake."

Walinikalisha kwenye kiti, wakanikataza kushika mwiko. Wakabandika sufuria, na huku wakipika wakaanza kunisimulia ya kwao. Wengi wao walikuwa na mtoto kama wangu. Yule wa kwaya alimzaa wake kabla ya ua wa kuzuia ndovu kujengwa, alisema, akimaanisha zamani sana, na alipomtaja jina wenzake waligeuka kumtazama, kwa sababu wao, majirani zake wa miaka yote, hawakuwahi kulisikia. Kulikuwa na kulia humo jikoni, na kucheka pia, kwa sababu mmoja wao huigiza wakunga vizuri sana.

Jua lilikuwa linazama nyuma ya mlima niliposikia pikipiki ya mume wangu. Ikazimwa. Nilichungulia nikamwona amesimama nje na kofia ya chuma mkononi, anaangalia viatu vyote vile mlangoni pake, hajui kama aingie au arudi Voi.

"Ingia, baba," mama wa kwaya akamwita. "Ni kwako. Tunakula."

Aliingia akainamisha kichwa, akasalimia wote, akapewa kigoda na sahani. Mume wangu si mtu wa kuongea. Tangu mazishi alikuwa ameshika kazi, alikuwa amerekebisha kila waya wa nyumba ya wazazi wake, na mimi sikuwahi kumuuliza kitu kwa sababu nilidhani nitamvunja.

Mama wa Chala, ambaye ndiye alikuwa mgeni kati yetu na labda hakujua kwamba wanaume hawaulizwi, akamgeukia. "Na wewe, baba yake, ulimshika?"

Aliacha kula.

"Nilimshika," akasema. "Mimi ndiye nilimpeleka nyumbani kutoka hospitalini. Huyu alikuwa bado amelazwa." Akanitazama, akaiangalia sahani tena. "Kaka yangu aliendesha gari, mimi nikakaa nyuma naye. Njia yote nilikuwa namwonyesha. Nikamwambia, hapa ni Mwatate. Hapa ndipo tunaanza kupanda. Kule juu ni kwa bibi yako. Tulipofika kwenye kona zile, mvua ikaanza kunyesha, nikafungua dirisha kidogo."

Hata moto nadhani tuliusahau.

"Nikamwambia, hii ndiyo mvua."

Sikuwa nimejua hayo. Nilivuta kiti changu hadi kwenye kigoda chake, nikakaa bega langu likigusa lake, na mama wa kwaya akamwongezea chakula bila kuuliza.